Umebebwa na Onsongo

Baba,

Najua hutaki kunisikia. Hata ukiwa hai ulikuwa unageuza kiti nikianza kuongea. Sasa geuka kama unaweza.

Bado naishi Kericho mjini, kwa ile ploti nyuma ya soko, ile uliita gunia la makabila. Nilichagua mwenyewe. Kule juu, kwa watu wa kabila letu tu, nilionyeshwa chumba cha kodi ya meneja. Huku chini nilipata chumba cha saizi yangu, na choo tunatumia na Wakisii, Wajaluo, Wakikuyu na Mluhya mmoja anayeimba akiwa ndani. Niliacha shule darasa la saba, lakini kuchagua jirani nilikushinda.

Wewe ukasema, "Ukiishi na hao watu, usije hata kunizika. Na Mkisii hatakanyaga boma yangu." Ulisema ukitafuna mahindi, kama unaongea habari ya mvua.

Siku hiyo ndio niliiba kibuyu yako ya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Nakiri. Nilitaka ukose maziwa ya kujidai nayo. Nikaisafisha kwa chumba, nikachoma kijiti ya mti wa senetwet nipate mkaa wa kupaka ndani vile ulinifunza, nikasahau hii si jikoni ya nyasi, moshi haina pa kutokea. Onsongo, yule Mkisii fundi wa viatu wa mlango wa pili, akavunja kufuli yangu na kunimwagia ndoo nzima.

"We Mkipsigis, unajichoma juu ya maziwa?"

Mpaka leo ploti yote inaniita Zimamoto. Lakini hiyo mursik ilipoiva ilikuwa tamu kuliko yako. Onsongo alikunywa vikombe vitatu, na wakati huo hakuwa ananipenda bado.

Ulipokufa nilisema siendi. Si ulinikataza? Onsongo akakaa kwa kitanda yangu, akaniambia, "Baba akikukataza kumzika, hapo tu ndio unaruhusiwa kuwa mkaidi. Vaa viatu." Alikuwa ameshavipiga rangi.

Tulikuja kwako Silibwet watu saba wa ploti. Ule mteremko wa kwetu, ule ulikataa kuweka mawe miaka yote, ukameza gari ya jeneza. Binamu zangu wakaangalia matope, wakaangalia suti zao. Onsongo akakunja suruali, akashika jeneza mbele. Mimi nikashika nyuma yake. Umebebwa na Mkisii mpaka mlangoni, mzee, na wewe si mwepesi. Alikanyaga boma yako. Alikanyaga mpaka maua ya Mama.

Nilicheka. Halafu nikaona kile kiti chako kimegeuzwa ukutani, na... wacha tu.

Sasa baba mdogo anataka nirudi nikae nyumba yako, anasema kibuyu ni ya boma. Sirudi, na kibuyu hairudi.

Lala, basi. Nakuahidi hiyo kibuyu haitakauka. Kila Jumapili wa kwanza kumiminiwa ni Onsongo. Wa pili ni wewe, nitamwaga kidogo hapa mlangoni.

Ukitaka zaidi, kuja ploti.

Mimi,
Zimamoto