Nguo za Kathiani

Jumanne

Gari la Mutua halitoi moshi hata kidogo, lakini leo limenikaba koo. Mkubwa wetu amempa yeye gari jipya la barua, la umeme. Mimi niliyezeeka na lile kuukuu la dizeli nikaambiwa nipande naye, nimwonyeshe njia ya Kathiani. Njia yangu!

Anaendesha huku anatabasamu kama bwana harusi. Wivu ulinishika.

Gari lilipanda kilima bila mlio wowote. Hakuna mtu aliyetoka. Hapo nikafurahi, kwa sababu mimi nikija, akina mama hutoka mbio kunipokea. Nikamwambia Mutua, "Unaona? Wewe hawakujui."

Mama Ndunge, mwenye duka tunaloachia vifurushi, alishtuka kutuona mlangoni.

"Kumbe ni nyinyi? Sijasikia gari, na nguo zangu ziko kwa kamba!"

"Nguo zina nini?" nikamuuliza.

"Si huwa tunakimbia kuzianua tukisikia gari yako? Ule moshi, Baba Mwende, unazifanya nyeusi kama makaa."

Mutua aliangalia kando, asinicheke.

Na miaka yote hiyo mimi nilikuwa nawapungia mkono.