Mvinyo wa Mama Mkwe

Malin, shoga yangu, nimeaibika! Nimefungiwa nje ya duka la mvinyo!

Si unajua Jumamosi duka la serikali linafungwa saa tisa, na hakuna kwingine pa kununua hadi Jumatatu? Na Gunvor, mama mkwe, ndiyo mara yake ya kwanza kuja kula kwangu!

Basi nimeganda mbele ya rafu na simu yangu. Wa Chile umesafirishwa kutoka mbali mno. Wa Italia chupa nzito, eti kuitengeneza kunachafua hewa. Wa Afrika Kusini, je, wavunaji wanalipwa vizuri? Nikisoma hapa ni mzuri, nikisoma pale ni dhambi!

Mtandao ukakatika. Nikatoka nje MARA MOJA tu nimalizie kusoma. Kugeuka, muuzaji anafunga mlango.

"Nifungulie kaka, nimeshaamua!"

"Umeamua upi?"

Nikakwama, Malin. NIKAKWAMA! Akacheka, akazima taa.

Sasa nakuandikia nikiwa chooni. Gunvor kaingia amebeba boksi la mvinyo la lita tatu. Nikamuuliza kwa heshima zote, "Mama, hili umelichaguaje?"

Akanitazama kana kwamba naumwa.

"Mwanangu, lina pa kushikia."