Sanduku la baiskeli na sukari guru

"Bila sukari guru sipandi mlima!" Shoga, huyo ni mume wangu Evelio, baba wa Yurani wetu, anafoka hapa uwanja wa ndege wa Bogotá.

Sanduku la baiskeli, alilolijaza sukari guru ya kumpa nguvu, limezidi uzito. Nilimwambia anunue begi laini, akang'ang'ania sanduku gumu, zito kama jeneza. Dada wa kaunta kasema apunguze mizigo, la sivyo baiskeli haiendi mashindanoni Meksiko.

Kafungua, KATOA PEDALI! Pedali! Sukari guru kaiacha.

"Baba Yurani, utakanyaga nini huko?"

"Nitaazima."

Eti ataazima!

Nimerudisha pedali mwenyewe, sukari guru yote nimewagawia watu wa foleni. Sanduku limepita. Mama mmoja kauliza, "Na mume je, unagawa?"

Nikamsukuma Evelio langoni haraka.