Uji wa Mama Umi

Goma, Mapendo
Tarehe 5/2/2023

Yaya Evariste, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa heshima, wewe na wifi Sylvie na watoto wote. Kile kikohozi cha Sylvie kimeisha? Na mugongo wako je, au bado unabeba magunia mwenyewe kama mutu asiye na vijana wa kazi? Sisi huku tunapumua. Siku hizi ukimwambia mutu wa Goma kwamba unapumua, umemaliza salamu. Watoto wanasoma zile siku ambazo shule haikujaa wakimbizi. Mashine yangu ya kushona inaendelea kula sindano. Mume wangu Guylain anakusalimia sana. Yuko nje na pikipiki yake, hajui ninaandika nini.

Barua hii atakuletea Samy wa shangazi, anayepanda ndege ya Beni kesho asubuhi, kisha atashuka Butembo kwako. Utauliza kwa nini karatasi, na simu iko. Yaya, kwa simu ningekimbia. Ningeanza, ungenikaripia, ningesema mutandao ni mubaya, na mambo yangefia pale pale. Kwa hiyo kaa chini, soma peke yako kwanza, na usimpigie mutu yeyote kabla ya kufika mwisho. Nakuomba kwa jina la Mama.

Siku ya Alhamisi ulipiga ukasema unakuja kwa matanga ya Mama ya siku arobaini, Jumapili ijayo, na kwamba ukitoka kwenye misa utachukua vijana wa jamaa yetu Bulonza mwende mutaa wa Murara kwa Mama Umi, yule jirani yangu wa zamani, naye atasema alichomwekea Mama kwenye uji, au atakunywa mwenyewe uji kama ule tuone. Nilisikia jamaa nyuma yako wakiitika. Mimi nilikuaga tu, nikakata simu. Acha basi nikueleze Mama alivyoishi kwangu, kwa urefu, maana kwa simu nilikukatia mambo.

Unajua kwamba alikimbia vita kule Kiwanja kwa miguu, akalala majuma mawili kambini Kanyaruchinya chini ya turubai la shitingi kabla hatujampata. Kule alijifunza tabia moja mbaya. Vyoo vilikuwa vichache, foleni ndefu, wanaume na wanawake pamoja, na yeye unamjua, mwanamuke aliyetulea tusimuone hata akijinawa miguu. Basi akawa anajizuia. Anakula kidogo, anakunywa kidogo zaidi, ili asisumbuliwe na haja. Nilipomleta hapa Mapendo nikafikiri taabu hiyo imeisha. Kumbe nimemleta pabaya zaidi.

Wewe umezoea udongo wa Butembo, ambako mutu anachimba shimo anavyotaka. Hapa chini ni mawe ya volkano, jembe linalia tu. Choo chetu kimejengwa juu, kina ngazi saba, na mulango wake unatazama ua. Nyumba nne za ua huu, parsele moja, tunakitumia. Ukipanda, parsele nzima inakuona. Na pale uani, kutoka asubuhi mpaka jioni, anakaa nani? Mukwe wake, Guylain. Barabara ya Rutshuru ilipofungwa na vita, Guylain alibaki bila safari. Kila siku anafungua pikipiki, anaipangusa, anaifunga tena. Mama akaniambia: "Nipande ngazi zile mbele ya mume wako, na kidumu cha maji mukononi, ili ajue ninaenda kufanya nini? Afadhali nikae na haja yangu."

Nami nilicheka, Yaya. Nisikufiche, hata nilijivuna kidogo, nikajisemea kwamba hii ndiyo heshima ya zamani, si sisi wa leo. Sikumwambia Guylain aende akakae kwingine hata saa moja, maana nitamwambiaje mume wangu kwamba mama yangu anataka kwenda choo? Baada ya maziko ndipo Guylain mwenyewe aliniambia kwamba yeye naye, tangu Mama afike, hakupanda ngazi zile hata mara moja akiwa anaonekana. Alikuwa anaenda kwa rafiki yake, avenyu ya pili, kwa haya ya mama mukwe. Watu wawili wazima katika ua mumoja, kila mumoja anamfichia mwenzake kitu ambacho Mungu alimpa kila mutu.

Aliyeona ni Mama Umi peke yake. Wewe humjui, unajua jina tu na sumu waliyompakia. Ni mujane, watu wake ni wa Maniema, mume wake alikuwa dereva wa malori. Alikuwa amepanga chumba kinachotazamana na changu. Kila asubuhi alimletea Mama uji mwepesi wa mutama, akaketi naye, wakazungumza mambo ya waume zao waliokufa. Siku moja akanivuta kando akasema midomo ya Mama imekauka, hanywi maji, nimwangalie. Mimi nikakasirika. Nilimjibu kwamba mama yangu namjua. Uji ule, Yaya, ndicho kinywaji pekee ambacho Mama hakukikataa, kwa sababu alimwonea haya mugeni.

Yaliyofuata uliyasikia. Tarehe mbili ya mwezi wa kwanza Mama alitapika kutwa nzima, tumbo limejaa, gumu kama ngoma. Kesho yake asubuhi tulimbeba kwenye kituo cha afya, na kabla ya saa sita muchana alikuwa amekwenda. Dokta alisema utumbo ulikuwa umeziba, kisha ukatoboka. Watu wetu walishika neno moja tu, umetoboka. Wakaulizana utumbo wa mutu unatobolewa na nini. Karuho, wakasema, sumu ya kwetu. Bulonza akaingia chumbani, akakuta bakuli la mwisho la uji chini ya kitanda, na ndani yake, chini kabisa, punje za njano ambazo mutama hauna. Akalizungusha lile bakuli uani kama mutu aliyekamata mwizi.

Siku ile ile walivunja mulango wa Mama Umi. Sufuria zake zilirushwa kwenye mawe. Mwanamuke mumoja ambaye alikuwa anaazima chumvi kwake kila juma alimtemea mate usoni. Chefu wa avenyu, mukubwa wa mutaa wetu, akamwambia aondoke kwa usalama wake, naye akaenda Murara, kwa binti yake Aziza, akiwa na kitenge alichovaa tu. Alinipita mulangoni. Alinitazama, akaniambia pole kwa musiba. Mimi niliinamisha kichwa.

Sasa nasema, Yaya. Zile punje za njano ni mimi.

Ilipotimia siku ya sita bila choo, ndipo Mama aliniambia, na akaniapisha nisimwambie mutu, zaidi sana Guylain. Nilikwenda farmasi ya mbali, wasikonijua. Papa aliyekuwa pale, muzee wa miwani, aliniuliza dawa ni ya nani. Nikasema ni yangu. Siku ngapi? Nikasema mbili. Akauliza kama tumbo limevimba, kama ninatapika, kama hewa inatoka. Nikajibu kwamba yote ni sawa, kama mutoto anayetaka kutoka darasani haraka. Niliona haya kutaja choo cha mama yangu mbele ya mwanaume. Basi papa wa watu akatibu mutu ambaye hakuwepo.

Alinipa vidonge vya njano kwenye kibahasha, na maneno yake ninayo kichwani sasa kama katekisimu. Kimoja tu, jioni, kimezwe kizima na kikombe kilichojaa maji. Kisitafunwe, kisisagwe, kisipewe na maziwa. Ungoje mpaka asubuhi, usiongeze kwa sababu unaona kinachelewa. Kama siku mbili zimepita bure, urudi kwake. Muchana unywe maji mengi, ule papai na mboga za lengalenga, maana dawa bila maji haina kitu cha kusukuma. Na kama tumbo linavimba, au linauma sana, au mutu anatapika, usimpe dawa hiyo hata nusu, kimbia hospitali, kwa sababu huko ndani njia imefungwa, na dawa itasukuma kwenye mulango uliofungwa.

Usiku wa kwanza nilimpa kimoja, akameza na mafunda mawili ya maji, akakataa mengine. Asubuhi hakuna kitu. Sikungoja, nikampa viwili saa sita. Jioni tumbo likaanza kumkata, na mimi, mujinga, nikafurahi, nikasema dawa imeanza kazi. Kesho yake, tarehe mbili, alianza kutapika. Hakuweza tena kumeza kidonge. Mama Umi akaleta uji kama kawaida, akaniambia huyu mugonjwa apelekwe kwa dokta leo. Nikamwitikia ili aondoke. Alipotoka, nilisaga vitatu kwa kijiko, nikavichanganya kwenye uji wake, nikamnywesha Mama kwa mukono wangu. Aliponitazama nilimwambia anywe, atapona. Alikunywa kwa sababu ni mimi niliyemwambia.

Na si hayo tu. Pale kituoni dokta aliniuliza mara mbili: "Amepewa dawa yoyote nyumbani?" Guylain alikuwa amesimama karibu yangu. Nikasema hapana. Mara mbili nikasema hapana. Wazee wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Mama ndiye aliyeumbuliwa, na mimi niliyeficha bado ninakula na kushona nguo za watu. Sijui kama angepona bila vidonge vyangu. Dokta mwenyewe alisema tulichelewa. Najua kwamba nilisikia onyo kwa masikio yangu nikalipuuza, na najua kwamba mwezi mzima nimemwacha mujane wa watu abebe maiti yangu.

Jana nilikwenda Murara. Nilipanga maneno njiani kote, nilipofika yakaniisha, nikamwambia tu kwamba uji wake ulikuwa muzuri na dawa niliitia mimi. Nilitegemea anipige. Alingoja mpaka Aziza akatoka nje na watoto. Kisha akasema: "Nilikuwa nimeanza kuogopa mikono yangu, mwanangu. Kila mutu anasema, na mimi nikaanza kujiuliza kama niliosha vizuri, kama unga ulikuwa na kitu. Wajukuu wanaomba uji, na mimi siwapikii."

Nililia, Yaya. Yeye hakulia. Aliniuliza kama wewe unajua. Nilisema bado. Akasema basi hapa kwake sina kazi, niende nikuandikie. Hakuniambia amenisamehe, na sikuthubutu kumuuliza. Nilipokuwa ninavaa viatu mulangoni nikamsikia anamwita Aziza alete sufuria.

Guylain nitamwambia kesho, ndege ya Samy ikishaondoka, ili nisiweze kurudi nyuma. Wewe ninakuomba mambo mawili. La kwanza, usome barua hii kwa sauti mbele ya jamaa wote, wale wale walioitika nyuma yako kwenye simu. Usiruke mahali. Soma ya choo, soma ya vidonge, soma na ile hapana niliyomwambia dokta. Waone haya wakipenda, haya yetu ndiyo iliyotufikisha hapa. Na wifi Sylvie asikie vizuri lile somo la papa wa farmasi, maana na yeye ana mama muzee ndani ya nyumba.

La pili, Jumapili hiyo uje. Matanga ya Mama hayawezi kuisha bila wewe. Na kama ukishamaliza kusoma bado moyo wako unataka mutu aliyeweka kitu kwenye uji wa Mama, waambie vijana wa Bulonza wasichoke bure kupanda Murara. Waje hapa Mapendo, nyumba ya pili ukiingia parsele. Nitakuwepo, sitafunga mulango.

Nisalimie watoto mumoja mumoja, na mama mukwe wako, na majirani wanaonikumbuka. Mungu akulinde safarini. Ukifika na usiponipa mukono, nitaelewa.

Mimi mudogo wako,
Marcelline