Maji Niliyoyameza Nyumbani kwa Bernard

Werugha, Taita,
kwa njia ya Posta ya Voi.
9 Juni 1957

Mpendwa mwanangu Donald,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. U mzima? Kile kifua cha utotoni kimepona, au moshi wa reli umekizidisha? Sisi wazima. Mke wangu Loise ana goti, mimi sina hata mafua. Juzijuzi nimejenga ukuta wa mawe wa shamba la juu peke yangu, vijana wakasimama kutazama. Na barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumwita karani. Niliyojifunza darasa la ubatizo yanatosha.

Miaka minne hujaniandikia. Sababu naijua. Tutafika hapo.

Kwanza mjukuu wangu Zipporah, binti wa marehemu Samuel, niliyemlea mimi. Ameshinda mtihani wa kuingia Makerere. Msichana wa kutoka nyumba yangu, Donald. Kichwa hicho hakukiokota njiani.

Jumapili iliyopita alikuja Bernard wa Mwasaru, yule mkaguzi wa shule anayekaa Voi, na mkewe Christine, Mkamba wa Kibwezi. Wote wawili walisoma Makerere, na huko ndiko walikoonana. Wanasema chuo kiliwapokea wakiwa hawana kitu. Sasa wamekubaliana, kila mwaka watatoa katika mishahara yao karo ya mtoto mmoja wa Taita, asome pale pale. Wa kwanza wamemchagua Zipporah.

Wewe ungesema asante. Mimi nilimkumbuka baba yake Bernard, alivyogeuzia maji ya mfereji shambani kwake siku ya zamu yangu, mwaka wa ukame, mahindi yangu yakakauka nikiyatazama. Mwasaru amekufa, mahindi yale sijayasahau. Nikawaambia mbele ya majirani, "Maji ya mfereji hayalipwi kwa vitabu. Nina ng'ombe watatu, nitamsomesha mwenyewe."

Bernard akasema, "Sawa, baba. Tutangoja mpaka Jumamosi. Ukikataa, kuna mtoto mwingine kule Ronge."

Ng'ombe wenyewe, ni mmoja tu mwenye maziwa. Loise alinipa chakula siku tatu bila neno, na yule unamjua kwa maneno. Alhamisi Zipporah akanikuta napalilia kabichi.

"Babu, hata ukiuza ng'ombe pamoja na zizi, mwaka mmoja hautimii. Lakini karo si neno. Nikienda na hasira yako mgongoni, sitafaulu kitu huko."

Halafu akachukua jembe la pili, akapalilia mpaka mwisho wa mstari. Mtoto huyu ni mkaidi, sijui amerithi kwa nani.

Basi Ijumaa nikapanda lori la mboga mpaka Voi, nimekaa juu ya magunia na koti langu la kanisani. Christine akanipokea mlangoni. "Karibu, baba. Umekuja kugombana au kula?" Nikamwambia vyote viwili, tuanze na kula.

Tulipokwisha kula nikaomba kikombe cha maji nifanye kutasa, maana kwetu mzee mwenye hasira huitema pamoja na kinywaji, ndipo baraka zake zishike. Pombe siigusi, mimi ni mtu wa kanisa. Nikatia maji kinywani, nikamtazama Bernard. Ana macho ya Mwasaru yale yale. Maji nikayameza.

Wote waliona. Mzee anayetasia kijiji kizima ameimeza hasira yake mbele ya wenye nyumba. Bernard hakucheka. Alikijaza kikombe tena, akanipa kwa mikono miwili. "Polepole, baba. Maji yapo."

Hapo neno likanishika. Mwana wa Mwasaru ananipa maji. Nikatema mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikasema, "Mwasaru, maji yale nimekuachia. Mtoto aende salama, arudi salama." Christine akasema yeye alidhani tutamaliza pipa.

Zipporah atapanda gari la moshi Voi Jumanne tarehe 25. Saa ya kufika Kampala utaijua wewe, mtu wa reli. Umpokee steshoni, umfikishe chuoni. Utamjua kwa lile sanduku la bati la Samuel.

Sasa lako. Ulipokwenda kutafuta kazi ya reli nilikwambia kwa hasira kwamba hutafika hata Voi. Ukafika Kampala. Mimi sikosei mara nyingi, lakini hapo nilikosea maili nyingi.

Msalimie mkeo Susan na watoto ambao sijawaona. Loise anawasalimu, na dada yako Dinah, na Zipporah. Mungu akulinde na magurudumu, akupe uzee kama wangu, wenye meno yote.

Leo asubuhi, kabla ya kushika kalamu, nilisimama mlangoni nikatema maji kwa jina lako. Sikumeza hata tone. Nawe ukiwa na neno juu yangu, chukua kikombe.

Ni mimi nikupendaye tangu hujajua kutembea,
baba yako mdogo,
Obadiah Mwakio