Kevina Ndani ya Filamu ya Mwanangu

Masinya,
Busia, Uganda.
16 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Aanyu,

Pole na kazi za huko Mwanza. Mguu unaendeleaje? Na shemeji, bado anakohoa? Sisi hapa tuko wazima, Mungu anatushika. Mvua bado, ila kisima kina maji.

Sasa kaa chini. Daphine amemaliza filamu yake! Ile safari ya baiskeli, kutoka mpakani Busia mpaka Tororo, akipiga picha watu na kazi zao. Hakuna kampuni iliyomsaidia, kila kitu ni yeye. Jana wameionyesha Tororo, ukumbi wa kanisa, watu wamejaa mpaka madirishani. Nilikaa mbele kabisa. Nani mwingine hapa Masinya amezaa mtoto kama huyo? Nitajie mmoja.

Lakini Aanyu, aliyepigiwa makofi ni Kevina.

Ndiyo, huyu jirani, mke wa Ojiambo. Daphine alipokuja kupiga picha hapa nyumbani nilijiandaa kama mtu. Nikavaa gauni langu la gomesi, lile nililovaa harusini kwa Emojong, nikafagia ua, nikanunua soda. Akaniambia, "Mama, nataka kazi ya kila siku. Kaanga unga wa pombe ya malwa." Nikaange unga na gomesi? Watu wa ng'ambo wanione na masizi? Nikakaa kwenye kiti, nikangoja maswali. Kumbe Kevina upande wa pili wa ua, sketi imechanika, anageuza unga juu ya bati na kucheka na moshi wake. Mtoto akamgeukia, basi.

Mimi nimo. Naonekana na soda, halafu nimepita. Kevina yeye anakaanga, anamimina maji moto chunguni, anawapa wazee mirija wanywe, anaimba. Na nani alimfundisha? Alipoolewa hapa alikuwa anaunguza unga mpaka kuku wanaukataa! Leo kanisani ameniuliza, "Mama Daphine, na huko Mwanza nitaonekana?" Nikajifanya sisikii.

Maana Daphine anakuja kwako mwezi wa nne na filamu hii, na kuanza nyingine: atapiga picha wanawake wanaoanika dagaa, halafu Kigali, halafu Zambia. Mpokee, mlishe ashibe. Lakini nakujua, tangu utoto unapenda kusogea mbele. Usianike hata dagaa mmoja mbele ya kamera ile kabla yangu.

Gomesi nimeirudisha sandukuni. Sasa hivi nimevaa sketi ya shambani. Mchana huu nimewasha moto, nikageuza unga, nikaimba kwa nguvu. Daphine alikuwa barazani anafuta kamera. Akasema, "Mama, moshi unanijia," akahamia ndani.

Kumwomba naona haya. Wewe anakusikiliza. Mpigie simu, mwambie hiyo filamu mpya aianze na mama yake. Upesi, unga uliobaki ni wa kukaanga mara moja tu. Kesho nitawasha upande ambao upepo hauendi kwake.

Nisalimie shemeji, na Eibu, na watoto wote. Mungu awafunike.

Dada yako anayekupenda hata ukinikera,
Ariokot,
mama wa Daphine, yule wa kumzaa.