Mchezo wa Vitaa Vyekundu

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mko wazima, na mgongo wake umepoa. Mimi mzima, ila shavu limevimba. Tajiri alinizaba kofi kwa kuacha alama ya kidole kwenye kioo. Usikasirike, mpishi alimwagiwa chai ya moto kwa kosa dogo zaidi. Simu yangu bado ameifungia, ndiyo maana nakuandikia.

Unajua kazi yangu ni kufuta vumbi kwenye makabati yake. Anakusanya michezo ya betri ya kushika mkononi, ile ya mwanzo kabisa, kabla simu hazijajua kucheza. Imejaa chumba kizima na hakuna hata mmoja unaochezwa. Nilipomwambia kwamba marehemu baba aliacha kwenye duka letu la ufundi mmoja wa mpira, ule ambao wachezaji ni vitaa vyekundu tu, na kwamba bado uko ndani ya boksi lake, alikaa chini. Anautafuta tangu ujana wake. Amesema ukifika atanirudishia simu na hatanigusa tena. Nimemwamini, nifanyeje. Utume kama ulivyo, kwa basi.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Asubuhi anagombana na mgongo wake, mchana wanapatana. Huyo tajiri wako ananitia kichefuchefu, lakini wewe ndiye uko mikononi mwake, kwa hiyo nimemeza.

Mchezo nimeutuma leo. Hilo la "kama ulivyo" nimeona ni uvivu wako tu. Tangu enzi za baba hakuna kitu kilichotoka duka hili bila kujaribiwa, na mimi sianzi leo kuwapa watu vitu vya kubahatisha. Nimechana nailoni iliyoufunika, nikafungua mgongo wake, nikakuta waya wa betri umeoza, nikaulehemu upya. Boksi lilikuwa limetafunwa na panya, nikalitupa, nikaufunga mchezo kwenye taulo jipya. Unawaka, mdogo wangu. Nimefunga mabao mpaka mama akaja kuuliza ni nini kinalia tii tii dukani. Huyo mtu atakukumbatia.

Kaka yako

24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Vipi hali ya mama? Samahani kwa mwandiko, natumia mkono wa kushoto.

Kumbe alichokitaka ni ile nailoni ambayo haijawahi kuchanwa. Kwa watu kama yeye, ukishafungua umeua. Alifunua taulo taratibu, akauliza boksi liko wapi. Nikamwambia, tena kwa fahari, kwamba kaka yangu ni fundi na ameutengeneza. Akaushika mkono wangu wa kulia, akauweka kwenye fremu ya kabati la chuma, akabamiza mlango. Akaufungua, akabamiza tena. Niliisikia mifupa kabla sijasikia maumivu. Mpishi alikuwa jikoni na alinyamaza. Simlaumu.

Zahanati wamesema vidole havitakunjika tena. Na mchezo hakuutupa, kaka. Kila jioni anakaa nao kitini, anabonyeza, akifunga bao anacheka peke yake. Mimi nasikiliza kutoka stoo. Namchukia.

Usije. Nakujua, ndiyo maana nakuomba. Mama hana mwingine hapo nyumbani.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Mama hajambo, anakusalimu. Nimemwambia nasafiri kununua spea.

Ile nailoni niliichana mimi. Basi angenitafuta mimi. Duka nimelifunga, na huenda nikafika kabla ya barua hii. Nimebeba nyundo tu. Ukiisoma na bado sijafika, toka humo ndani.

Kaka yako

21 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini huko rumande hawakupigi, na kidonda cha kichwani kimekauka. Mimi nimerudi nyumbani. Mama mzima.

Tajiri alifariki wiki iliyopita bila kuamka. Ulipokuwa unavunja makabati moja baada ya jingine nilifurahi, sitakuficha. Aliporuka na kipande cha kioo akakupasua, ukampiga, nikafurahi tena. Alikuwa ameshaanguka ulipoinua nyundo mara nyingine. Hapo ndipo nilipoita jina lako, na hukunisikia.

Juzi nilikwenda polisi nikawaambia nyundo niliishika mimi. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri njiani. Askari akaiweka mezani, akasema, "Ishike tuone." Nikanyoosha mkono wa kulia kwa mazoea, vidole vikagoma. Nikasema nilitumia wa kushoto. Akaniambia mpishi ameshaeleza yote, akanifungulia mlango, akanishika bega kwa upole. Afadhali angenipiga.

Mama anaamini bado unatafuta spea. Ameanza kukununia kwa kuchelewa. Lakini Jumatatu kesi inaanza, na watasoma jina lako kwenye taarifa ya habari, na ile redio yake, uliyomtengenezea mwenyewe, haikosi hata neno moja.

Niambie, kaka. Nimwambie, au niiharibu redio?

Mdogo wako